Mstari wa Kazungu

Jumatatu, 3 Februari

Inatangazwa kwa wakazi wote wa duka hili, yaani mimi na mashine ya fotokopi, kwamba baada ya mashauriano marefu kikombe cha chai kimehamishwa rasmi kutoka kushoto kwa kibodi hadi kulia. Sababu ni za kiusalama. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi.

Asubuhi picha za pasipoti. Bwana mmoja kaitazama yake, kasema, "Huyu si mimi." Nikamwambia ni yeye, kamera haimjui wala haimchukii. Kailipia kwa hasira. Mtaa wetu wa Makadara kelele kama kawaida. Tuktuk imeegeshwa mlangoni tangu saa nne, mwenyewe hajulikani alipo.

Alasiri kaja Athman, ndugu yangu. Shati la ofisini, lile la kuhangaikia makaratasi ya bandari, na uso wa mtu mwenye habari. Rukia bintiye anaposwa. Mume ni Fahmi, wa hapa hapa Mji wa Kale, nyumba za wenye kujisikia. Wanataka mambo ya posa yaishe ndani ya Shaaban, kabla ya Ramadhani. Nikafurahi kwa dhati. Kisha Athman akasema, "Lakini wazee wao wataka nasaba, dada. Kwa maandishi. Ile yako."

Miaka yote naandika majina ya ukoo, wananicheka kwamba nahesabu maiti. Leo imekuwa ile yangu.

Jumanne, 4 Februari

Athman asema wazee wakiniuliza nasaba hii inatunzwaje, nieleze kwa ufupi. Kwa ufupi siwezi. Najaribu hapa kwanza.

Zamani nilikuwa na faili hizi: nasaba. Nasaba mpya. Nasaba mwisho. Nasaba mwisho kabisa. Nasaba mwisho wallahi. Hiyo ya wallahi ndiyo iliyokuwa na makosa mengi kuliko zote. Ndipo nikajifundisha, kwa mtandao na kwa kuumwa na kichwa, ile programu ambayo watu wa kompyuta hutunzia kazi zao. Mimi namwita Mtunzaji.

Watu hudhani Mtunzaji hukaa akikutazama vidole. Hakutazami. Ukifuta jina, ukalirudisha, ukalifuta tena, yeye hana habari. Anangoja umwambie: piga. Basi anapiga picha ya kazi nzima ilivyo wakati huo. Kesho ukimwambia, anapiga nyengine. Ukimuuliza kimebadilika nini, hapo ndipo analaza picha mbili sambamba na kuzipitia mstari kwa mstari. Kilichotoka anakionyesha kwa rangi nyekundu. Kilichoingia, kijani. Neno kurekebisha halijui. Ukibadili herufi moja ya jina la mtu, kwake yeye mtu katoka na mtu kaingia.

Kila picha ina muhuri, mkufu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na kilichomo. Kilichomo kikiwa kile kile, muhuri ni ule ule. Gusa nukta moja, muhuri wote unakuwa mwengine. Tena kila picha imebeba ndani yake muhuri wa ile iliyoitangulia. Ni kama majina yetu: fulani bin fulani bin fulani. Mguse babu, na wajukuu wote si wale tena.

Hapa wazee watakuwa wameshaomba maji.

Nasaba yenyewe nyepesi. Mtu mmoja, mstari mmoja: jina, kazi, mahali. Nakala moja iko kwangu dukani, moja kwa Athman, moja mtandaoni, ambako nakala zetu hukutana. Kila nakala ni kamili, ina picha zote tangu ya kwanza.

Ya kwanza niliipiga nimekaa kitandani kwa Bibi Mwanajuma, mamake Mama, mwaka wake wa mwisho. Yeye anataja, mimi naandika. Alipofika kwa babake alisita. Akasema, "Andika Kazungu. Usinitilie jina jengine." Nikaandika. Kazungu, hamali, Marikiti. Mgiriama aliyeshuka mjini kubeba magunia ya watu sokoni. Nikamgeuzia kompyuta aone. Bibi alisoma hati za Kiarabu tu, hizi zetu hakuzijua. Akagusa kioo kwa kidole, hapo hapo kwenye jina, kama aliyeambiwa.

Alhamisi, 6 Februari

Athman kapiga picha yake ya nasaba na kuileta mtandaoni. Maelezo: "Nimesafisha nafasi tu." Nikafungua. Faili nzima nyekundu, kisha faili nzima kijani. Ukoo mzima umekufa, ukoo mzima umezaliwa, na majina ni yale yale.

Ugonjwa wake wa zamani huu. Mwisho wa kila mstari kuna alama isiyoonekana kwa macho. Kompyuta yangu huweka moja. Ya Athman huweka mbili. Sisi twaona sawa. Mtunzaji aona kila mstari ni mgeni.

Nikacheka, nikakubali bila kusoma. Nani asome ukoo mzima kutafuta kisichoonekana? Nikamwandikia: umeniulia watu wangu tena. Kajibu kwa kicheko.

Viazi karai vya jirani leo vina chumvi ya kutosha mtaa.

Ijumaa, 7 Februari

Rukia kaja kupigwa picha. "Shangazi, nipige nionekane sijalia." Nikamuuliza kalilia nini. "Furaha. Na hofu kidogo." Hofu ya nini? "Ya wao kubadili nia." Nikamwambia anyooshe shingo.

Picha imetoka nzuri. Macho mekundu kidogo. Sikuyagusa.

Jumamosi, 8 Februari

Siku mbaya.

Nilitaka kuutoa ule ugonjwa kabla ya kuchapa. Kuna namna ya kumwambia Mtunzaji: linganisha, lakini alama za mwisho wa mstari usizihesabu. Nilitarajia kimya. Asipoona tofauti hasemi kitu, ndiyo heshima yake.

Hakunyamaza. Mistari miwili myekundu. Miwili kijani.

Katoka Mwanajuma binti Kazungu. Kaingia Mwanajuma binti Khamis.

Katoka Kazungu, hamali, Marikiti. Kaingia Khamis bin Abdalla, mfanyabiashara, Mombasa.

Nikakaa. Mteja kaja, nikamwambia mashine imeharibika. Mashine ikanguruma pale pale. Akaondoka, mtu mstaarabu.

Mwanzo nilimtetea Athman. Kakosea, nikasema. Lakini vidole haviwezi kuteleza kutoka Kazungu vikaangukia Khamis bin Abdalla, mfanyabiashara. Kisha nikakumbuka jambo baya zaidi. Ule ugonjwa wa kompyuta yake niliutibu mwenyewe, Idi iliyopita, nimekaa kwake nakula halua yake. Haiwezi kuweka alama mbili tena mpaka mtu aitake kwa makusudi.

Basi aliitaka. Alijua nikiona ukoo mzima mwekundu nitacheka na nitakubali. Akachukua kicheko changu akakifanya pazia, na nyuma ya pazia akamtoa mtu nyumbani.

Nimetafuta kilichoniuma hasa. Naona si jina. Ni kwamba alikisia sitasoma, na alipatia.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda Bondeni kwake. Kanikaribisha kwa juisi ya ukwaju. Nikaiacha mezani ipate joto.

Hakukana. Afadhali angekana. "Alisilimu, dada. Khamis ndilo jina alozikwa nalo. Uongo uko wapi?"

"Na mfanyabiashara?"

"Kwani hamali hauzi? Aliuza mabega."

Siku nyengine ningecheka.

Nikamwambia hata kuficha hajui. Mji huu mtu akisilimu na babake si Muislamu, hupewa Abdalla awe baba. Mzee yeyote akiona Khamis bin Abdalla na juu yake hakuna mtu, ajua hapo kuna mlango umezibwa. Umemficha mtu kwa kumvisha kanzu nyeupe usiku wa giza. Nikaona maneno yamemwingia. Hakuwa amelifikiria. Sasa analifikiria. Mdomo wangu huu.

"Ni kwa ajili ya Rukia," akasema. "Watu hawa waangalia kufu, mtu wa hadhi yao. Wataka mwanangu aachwe kwa sababu ya mpagazi alokufa hata wewe hujazaliwa?"

Nikainuka. Nilipofika mlangoni akaongeza, taratibu, "Na kabla hujanikasirikia mimi, muulize Mama."

Nimerudi nyumbani. Sikumuuliza. Nimekula naye nikitazama mikono yake ikimega mkate.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemuuliza. Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ni mimi nilomwambia."

Akaendelea kuchagua. Kokoto moja, kokoto ya pili.

"Kabla ya babako niliposwa na watu wengine," akasema. "Wakaja na sinia ya halua. Wakauliza, wakasikia Kazungu. Hawakurudi. Hata sinia yao hawakuifuata."

Nikasema Bibi alitaka aandikwe vile.

"Mamangu alitaka mengi. Alobaki na sinia ni mimi."

Lakini Mama alikuwapo siku ile nilipoandika, amesimama mlangoni na uji wa Bibi, na alisikia. Angeniambia mimi. Nalala chumba cha pili. Alipita mlango wangu, akapiga simu Bondeni.

Nimesalitiwa na watu wawili ambao nawapikia.

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi nimemrudisha Kazungu. Mtunzaji hafuti ulichotengua. Hupiga picha mpya iliyo kinyume cha ile, na ile mbaya inabaki mahali pake ikitazamwa. Hilo napenda.

Adhuhuri Athman kamtoa. Alasiri nimemtia. Kabla ya magharibi katoka. Maskini ya Mungu, hata Marikiti hakuingia na kutoka mara nyingi hivi, na huko alikuwa amebeba gunia.

Maelezo ya Athman kwenye picha ya mwisho: "Dada, basi." Yangu: "Basi nini."

Jumatano, 12 Februari

Kimya. Hajagusa kitu kutwa nzima. Nikadhani amechoka.

Alhamisi, 13 Februari

Hakuchoka.

Leo nimevuta nakala ya mtandaoni iungane na yangu. Mtunzaji kakataa. Asema historia hizi mbili hazina asili moja. Nikadhani nimekosea amri. Nikarudia. Kakataa tena.

Nikaziweka mbili zote mbele yangu. Picha zile zile. Siku zile zile. Maelezo yale yale. Mihuri yote imekuwa mingine, kuanzia ya kwanza kabisa. Athman kajenga historia upya tangu chini. Tena safari hii kajipanga: Khamis bin Abdalla bin Salim bin Said, mfanyabiashara. Mlango umezibwa na kupakwa chokaa. Chokaa nilimuuzia mimi, Jumapili, nikijiona hodari wa maneno.

Kujenga upya vilevile nilimfundisha mimi. Ramadhani iliyopita nambari ya simu ya mtu iliingia kwenye faili kwa bahati mbaya, tukataka iondoke kila mahali. Nikamkalisha, nikamwonyesha hatua kwa hatua. Alikuwa mwanafunzi mzuri, kumbe.

Hata hapo ningestahimili. Kisha nikafungua ile picha ya kwanza, ya kitandani kwa Bibi. Ukijenga upya namna hii, jina la aliyepiga picha na siku yake hubaki vilevile. Basi imeandikwa pale, mpigaji: Zuhura, yaani mimi. Siku: ile ile. Ndani yake: Mwanajuma binti Khamis.

Yaani siku ile Bibi alinitajia, na mimi niliandika Khamis. Mimi. Kwa mkono wangu. Kazungu hakutolewa na mtu, hajapata kuwapo, na shahidi ni mimi.

Nimefunga duka mapema. Nimepita njia ndefu. Watu wamenisalimu, nimeitikia. "Khabari za kutwa?" "Njema." Uongo mdogo hauna muhuri.

Ijumaa, 14 Februari

Nakala yangu nzima. Athman hawezi kuifikia. Mihuri ya zamani ipo yote, nimeipitia. Lakini nakala yangu iko peke yake, na atakayepokea wageni ni yeye.

Rukia kapiga simu. "Shangazi, baba asema mumegombana kwa ajili ya kompyuta." Nikamwambia ni kweli. Akacheka. Nilitaka kumuuliza: wamtaka babu yako au wamtaka Fahmi? Swali lilifika kwenye meno. Sikuliuliza. Niliogopa jibu, na niliogopa zaidi kwamba jibu lake lingekuwa la haki.

Jumamosi, 15 Februari

Watu wa Fahmi wanakuja kesho, nyumbani kwetu kwa Mama.

Nimechapa yangu. Karatasi nzito, ile ya vyeti. Kazungu kakaa vizuri, wino mweusi, hakuna doa. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Nikaitoa. Nikaitia.

Nikiitoa mbele za watu, huenda nikamwachisha mtoto wa ndugu yangu. Nisipoitoa, mimi ndiye niliyeandika Khamis. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Mama kapita akaniona na mkoba mapajani. Kasema, "Pasi iko wapi?" Nikamwonyesha. Hayo ndiyo maneno yetu ya leo.

Nawachukia wote wawili. Nimewapigia pasi nguo zao.

Jumatatu, 17 Februari

Jana walikuja. Posa imekubaliwa. Harusi baada ya Idi, inshallah.

Wanaume walikaa sebuleni. Nilichungulia kwenye pazia. Athman alimpa ami yake Fahmi bahasha kwa mikono miwili. Yule ami akashukuru, akaitia mfukoni mwa koti bila kuifungua, akauliza hapa mtu huegesha gari wapi.

Nikarudi kwa wanawake. Aliyekuja nao ni Bi Zainabu, nyanyake Fahmi. Mkuu wao ni huyo, niliona mara moja, maana hakuna aliyegusa kaimati kabla yake. Akala kidogo, akajifuta vidole, akaegemea mto. Akaniita.

"Nasikia wewe ndiwe uloandika nasaba."

"Ni mimi, Bi Zainabu."

"Basi nisomee, mwanangu. Macho yangu hayashiki tena herufi. Wanaume watanihadithia nusu."

Mama alikuwa akimimina kahawa. Akasimamisha birika.

Nilitoa karatasi kwenye mkoba. Nilikaa karibu na mto wake, magoti yakigusana. Nilianza upande wa baba, juu kabisa, taratibu, jina na kazi na mahali. Yeye akiitikia kwa kichwa. Wenziwe pembeni wakaanza kuzungumza habari za mchele, upi unaviva vizuri siku hizi. Nikafika upande wa mama. Nikafika kwa Bibi.

Nilimtazama Mama. Hakutikisa kichwa. Hakufanya lolote. Alinitazama tu, na uso wake ulikuwa wa msichana, sikuwahi kuuona.

Nikasoma. Mwanajuma binti Kazungu. Kazungu, hamali, Marikiti.

Sauti yangu ilinitii. Mama aliweka birika chini, akatoka akaenda jikoni. Hakurudi mpaka wageni walipoanza kuvaa viatu. Mpaka hivi sasa hajanisemesha. Wale wa mchele waliendelea na mchele. Mimi karatasi mkononi, nikangoja Bi Zainabu aseme neno.

Alikuwa amelala.